Bunduki ya kwanza ya mjukuu: somo huanzia machoni

Wakenya wengi waliostaafu siku hizi hupanda ndege kwenda kukaa miezi kadhaa na watoto wao walioajiriwa ng'ambo, hasa Marekani na Uingereza. Huko hukutana na wajukuu ambao michezo yao si ile babu aliyoizoea. Mmoja wa michezo hiyo ni kupiga shabaha kwa bunduki ya upepo, ile ambayo hurusha punje ndogo ya risasi kwa nguvu ya springi au hewa iliyoshindiliwa, bila baruti. Katika sehemu nyingi za mashambani kule Marekani, mtoto huweza kupewa bunduki ya namna hiyo wakati wa Krismasi au siku yake ya kuzaliwa, na si ajabu anayetarajiwa kumfundisha akawa babu, kwa kuwa ndiye aliye na nafasi mchana.

Mjukuu huja na boksi mkononi akasema, "Babu, nifundishe." Huenda babu alikuwa askari au mlinzi wa mbuga za wanyama, na bunduki si ngeni kwake. Hata hivyo, kujua kupiga ni jambo moja, na kumfundisha mtoto wa miaka kumi ni jambo lingine. Makala haya ni somo kwa babu huyo, na pia kwa bibi na wazazi. Jambo kuu la kushika ni hili: katika mchezo huu kiungo kilicho hatarini zaidi ni jicho, na jicho likipasuka aghalabu halirudii hali yake ya awali. Kwa hivyo masomo ya kwanza ni ya kulinda jicho. Kulenga shabaha huja baadaye.

Si chombo cha kuchezea

Kwa kuwa bunduki ya upepo haina baruti wala mlio mkubwa, watu wengi hudhani ni kidude cha watoto. Hilo ni kosa. Bunduki hizi hurusha punje kwa kasi ya kuanzia mita 45 hivi kwa sekunde hadi zaidi ya mita 300 kwa sekunde, kutegemea aina. Punje ya kawaida, yenye kipenyo cha milimita 4.5, ikifikia kasi ya mita 100 hivi kwa sekunde inaweza kutoboa ngozi ya mtu. Jicho hutoboka kwa kasi iliyo chini ya hiyo.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilichapisha ripoti kuhusu jambo hili mwaka wa 2004. Ripoti hiyo ilieleza kwamba kati ya 1990 na 2000 kulikuwa na vifo 39 vilivyotokana na bunduki zisizotumia baruti, na kati ya waliokufa, 32 walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Katika mwaka wa 2000 pekee, majeruhi waliotibiwa hospitalini walikadiriwa kuwa 21,840.

Msomaji anaweza kujiuliza, punje ndogo kama mbegu huuaje? Mifupa ya kichwa cha mtoto ni myembamba, na kati ya mbavu kuna nafasi. Punje ikipenya hapo inaweza kufika kwenye ubongo au moyo, na huku nje kitobo kikawa kidogo kama cha mwiba. Ndiyo sababu mtoto aliyepigwa anaweza kusimama na kusema hajaumia sana, ilhali ndani anavuja damu.

Ama jicho, punje inaweza kulipasua papo hapo. Hata isipolipasua, mshindo wake unaweza kusababisha damu kujaa sehemu ya mbele ya jicho, lenzi kupata ukungu, au retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, kubanduka. Presha ya jicho nayo inaweza kupanda miaka mingi baadaye bila mgonjwa kuhisi maumivu. Kwa hivyo aliyewahi kuumia jicho utotoni anafaa kupimwa macho kila mara hata akiwa mtu mzima.

Je, mjukuu yuko tayari?

Swali la kwanza si la babu kujibu peke yake. Wazazi wa mtoto, wote wawili, lazima wakubali kabla ya boksi kufunguliwa. Babu akimfundisha mjukuu kwa siri, hata akimfundisha vizuri, amemfunza pia kwamba mambo ya bunduki yanaweza kufichwa. Hilo ni somo baya kuliko yote.

Swali la pili ni sheria. Uingereza, mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kununua bunduki ya upepo, na mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kuitumia tu akisimamiwa na mtu aliyetimiza miaka 21, tena katika ardhi ya mtu binafsi kwa idhini ya mwenyewe. Ni kosa punje kuvuka mpaka wa ardhi hiyo bila ruhusa ya jirani. Huko Scotland, tangu mwisho wa 2016, mwenye bunduki hizi huhitaji cheti. Marekani, sheria hutofautiana baina ya majimbo. Katika New Jersey, kwa mfano, bunduki ya upepo huhesabiwa kuwa silaha kama nyingine. Mgeni asitegemee maneno ya jirani. Na aulize polisi wa mtaa ule.

Swali la tatu ni umri na tabia. Tume inayosimamia usalama wa bidhaa kule Marekani hushauri kwamba bunduki zenye kasi kubwa, inayozidi mita 107 hivi kwa sekunde, zisitumiwe na watoto walio chini ya miaka 16. Aina zilizo dhaifu zaidi huuzwa kwa ajili ya watoto wa miaka 10 na zaidi, wakiwa na mtu mzima. Lakini umri pekee hautoshi. Mchunguze mtoto kwa wiki mbili. Je, akiambiwa "simama" husimama mara ya kwanza? Je, anapokasirika na nduguye hurusha kitu alichoshika? Je, akikosea husema kweli? Mtoto ambaye huhitaji kuambiwa mara tatu hajawa tayari, na si aibu kumwambia asubiri mwaka mmoja zaidi.

Macho ya mwalimu na ya mwanafunzi

Babu ajipime kwanza yeye mwenyewe. Mzee mwenye mtoto wa jicho, au ambaye haoni vizuri pembeni kwa sababu ya presha ya macho, hawezi kuona paka au mtoto mwingine anayepita nyuma ya shabaha. Anayetumia dawa za kuleta usingizi, au aliyekunywa hata chupa moja ya bia, asisimamie somo siku hiyo. Ikiwa masikio yamepungua nguvu, awepo mtu mzima mwingine wa kumsaidia kusikia mlango ukifunguka.

Kisha yaangaliwe macho ya mjukuu. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza lingine. Mwambie mtoto anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja ili ibaki nafasi ndogo katikati, aangalie kitu cha mbali kupitia nafasi hiyo kwa macho yote mawili. Sasa afumbe jicho moja, kisha lingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo kiongozi, na bunduki inafaa kuwekwa kwenye bega la upande huo. Watoto wengine hutumia mkono wa kulia ilhali jicho lao kiongozi ni la kushoto. Mtoto wa namna hiyo hukosa shabaha kila mara, akagombezwa bure.

Jaribio hili lina faida nyingine. Mikono ikiondolewa, na jicho moja bado likashindwa kuona vizuri kile ambacho lingine linakiona, mpeleke mtoto kwa daktari wa macho. Huenda ni jicho vivu, ambalo ubongo umeanza kulipuuza, na matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Mtoto mwenye jicho moja tu linaloona vizuri ana sababu kubwa kuliko wenzake ya kuvaa miwani ya kinga. Familia imwulize daktari kwanza kama mchezo huu unamfaa.

Kuchagua bunduki na mahali

Bunduki ya kwanza iwe nyepesi na fupi, ambayo mtoto anaweza kuishika bila kuegemeza mwili nyuma. Ikiwa nzito, mtutu utainama na mikono itatetemeka, naye atachoka na kuanza kuielekeza ovyo. Kasi iwe ndogo. Ikiwa ni ile inayokokiwa kwa kukunja mtutu, babu ndiye aikoki mwanzoni. Mtutu huo ukiachiliwa kabla haujarudi mahali pake unaweza kufyatuka kwa nguvu na kuvunja vidole, basi ushikwe imara kwa mkono mmoja wakati wote punje inapowekwa.

Zipo pia golori za chuma. Hizi ni hatari kwa namna yake, kwa sababu zikigonga kitu kigumu hurudi zilikotoka, moja kwa moja kwenye uso wa mpigaji. Kwa anayeanza, karatasi ndiyo shabaha bora. Chupa, mkebe, jiwe, bati, mti na maji visipigwe kamwe. Ndege na wanyama wa jirani nao si shabaha.

Kwa kinga ya nyuma, chukua boksi kubwa la katoni, ulijaze magazeti makuukuu yaliyoshindiliwa sawasawa, kisha nyuma yake kuwe na tuta la udongo. Umbali wa mita 10 unatosha. Hata katika Michezo ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingizwa mwaka wa 1984 huko Los Angeles, wapigaji wa bunduki ya upepo husimama mita 10 kutoka shabaha, na kitovu cha alama kumi ni kidoti cha nusu milimita. Mjukuu akielezwa hivyo ataelewa kwamba sifa ya mchezo huu ni utulivu. Nguvu za bunduki si hoja.

Miwani ya kinga huvaliwa na kila aliyepo: mpigaji, babu, na mtazamaji. Miwani ya kawaida ya kusomea au ya jua haitoshi, maana kioo chake kinaweza kuvunjika kikaingia jichoni. Tafuta miwani ya polikaboneti inayofunika hadi pembeni. Zile zinazokidhi kiwango cha Marekani huwa zimechapwa alama ya Z87.

Somo la kwanza halina punje

Siku ya kwanza boksi la punje libaki limefungiwa ndani. Fundisha kanuni hizi nne, mtoto azirudie kwa maneno yake mwenyewe:

1. Kila bunduki ina risasi. Hata kama tumeikagua sasa hivi, tunaishika kana kwamba inayo.

2. Mdomo wa bunduki hauelekezwi kwa mtu, mnyama wala nyumba, iwe kwa mzaha au kwa bahati mbaya.

3. Kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka macho yawe juu ya shabaha na moyo umeamua.

4. Jua kilicho nyuma ya shabaha. Punje haichagui.

Baada ya hapo, afanye mazoezi ya kuipokea bunduki, kuibeba na kuiweka chini. Babu aseme "simama!" katikati ya zoezi bila kutarajiwa. Mtoto aache kila kitu, atoe kidole, na kubaki mdomo wa bunduki ukielekea kwenye shabaha. Mfunze pia kwamba yeye mwenyewe ana haki ya kusema "simama!" hata kwa babu, akiona hatari. Mtoto aliyefunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa atanyamaza pia atakapomwona mdogo wake akitambaa nyuma ya boksi.

Mfunze neno moja zaidi la kusema kwa marafiki: "Hapana." Rafiki akitoa bunduki ya baba yake, ya upepo au ya kweli, mtoto asiiguse, aondoke mahali hapo, na amwambie mtu mzima.

Akifaulu siku mbili au tatu, ndipo punje zitoke, moja baada ya nyingine kutoka mkononi mwa babu. Akae chini, bunduki iegemee mto au mfuko wa mchanga. Avute pumzi, aitoe nusu, atulie, kisha abonyeze kifyatulio polepole. Mapigo kumi au kumi na tano yanatosha kwa siku. Mtoto aliyechoka huacha kanuni kabla ya kuacha bunduki.

Mikono yenye risasi

Punje nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto madini haya hudhuru ubongo unaokua, na madhara yake huonekana baadaye katika masomo na tabia. Hivyo mtoto asiweke punje mdomoni wakati wa kujaza bunduki, kama wafanyavyo baadhi ya watu wazima. Asile wala asinywe wakati wa mazoezi. Akimaliza, anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Punje zilizotumika zikusanywe na mtu mzima. Zipo pia punje zisizo na risasi, na ndizo zinazofaa ikiwa nyumbani kuna mama mjamzito au mtoto mchanga.

Ajali ikitokea

Jicho likipigwa, usilisugue wala kulikandamiza. Usilioshe ikiwa limetoboka, na usijaribu kuchomoa kitu kilichokwama ndani. Lifunike kwa kikombe safi cha karatasi kilichokatwa sehemu ya chini, kingo zikae kwenye mfupa unaozunguka jicho bila kuligusa jicho lenyewe. Mtoto akae kichwa kikiwa juu. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, wala usimpe aspirini, kwa sababu huongeza kuvuja damu. Mpeleke hospitali yenye daktari wa macho saa hiyo hiyo, hata kama anasema anaona.

Punje ikiingia mwilini penginepo, usiichokoe. Funika kidonda kwa kitambaa safi, bana panapotoka damu, na umpeleke hospitalini, hasa ikiwa ni kichwa, shingo, kifua au tumbo. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Mweleze daktari kama ni punje ya risasi au golori ya chuma, na ukiweza chukua moja umwonyeshe. Chuma huvutwa na sumaku ya mashine ya MRI, na kikiwa ndani ya jicho kinaweza kulimaliza.

Baada ya somo

Bunduki ihakikishwe ni tupu, ifungiwe kabatini kwa kufuli, na punje zifungiwe mahali pengine. Ufunguo usitundikwe ukutani. Kule Uingereza, tangu 2011, mwenye bunduki ya upepo anayeshindwa kuchukua tahadhari za kuwazuia watoto kuifikia anaweza kushtakiwa. Bunduki ibaki ya mjukuu kwa jina tu. Saa ya kuitoa iamuliwe na mtu mzima.

Tunaporudi nyumbani

Babu anayerejea Nairobi au Kisumu asifikirie kubeba bunduki ya upepo mizigoni kama zawadi kwa wajukuu wa huku. Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye kutaka kujua awaulize polisi au Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kununua, si baada ya kufika uwanja wa ndege.

Hata hivyo somo lenyewe anaweza kulileta. Katika mitaa yetu watoto hutengeneza manati kwa mpira wa tairi, na mishale kwa njiti za miavuli. Kokoto ya manati haina baruti, lakini jicho halijui tofauti. Mafunzo yale yale yanafaa: usimwelekezee mtu, jua kilicho nyuma ya shabaha, acha unapoambiwa "simama", na mtu mzima awe karibu. Mtoto akiumia jicho, asipakwe maziwa, asali wala dawa ya majani, bali afikishwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika jambo hili, babu anayo nafasi ya kumfunza mjukuu kabla majuto hayajaja: siku chache bila punje, miwani usoni, na ufunguo mfukoni mwa mtu mzima.